Ratiba ya LAN ya klabu: mtoano, mfumo wa Uswisi au ubao wa wito?

Mpanga_Meza
Wadau, habari za wakati huu. Klabu imenikabidhi ratiba ya LAN ijayo (siku ya kukusanyika na kucheza gemu kwa kompyuta zilizounganishwa kwenye mtandao mmoja): watu 24, kompyuta 20, siku moja, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Gemu zilizopita kwenye kura ni tatu: Quake III Arena (ya risasi) ana kwa ana, Counter-Strike (ya risasi kwa timu) watano kwa watano, na Age of Empires II (ya kujenga himaya na kupigana vita) meza ya watu wanane.

LAN iliyopita nilikwenda kama mchezaji tu. Ulipangwa mtoano wa kawaida, nikatolewa raundi ya kwanza, saa nne na nusu asubuhi. Tangu hapo hadi jioni nilisimama nyuma ya kiti cha mwenzangu nikitazama skrini yake. Nilikuwa nimebeba kompyuta ya mezani, skrini, kibodi na kebo zangu zote kwa ajili ya dakika 10 za kucheza. Mtu mwingine asipitie hayo mikononi mwangu.

Njia ninazozipima ni tatu. Mtoano, kwa sababu kila mtu anauelewa. Mfumo wa Uswisi, ambao sijawahi kuuendesha. Au ubao wa wito: hakuna saa maalumu, unaandika jina, kiti kikiwa wazi unaitwa. Waliowahi kupanga, nipeni uzoefu wenu.

KeboNdefu
Mkuu, mimi bado ni mtu wa mtoano. Hesabu yake haikudanganyi: kila mechi inamtoa mmoja, watu 24 maana yake mechi 23 na bingwa amepatikana. Ukumbi mzima unajua nani anakutana na nani, na fainali inakuwa fainali kweli.

Ila nikubali ulichosema. Kwa watu 24 droo inapangwa kwa nafasi 32, wanane wanapita bila kucheza, 16 wanacheza mechi 8. Raundi ya pili ikiisha, 16 kati ya 24 wameshakaa pembeni. Dawa yake ni mtoano wa kupoteza mara mbili: ukifungwa unashuka upande wa pili, ukifungwa tena ndipo unatoka. Mechi zinakuwa 46, au 47 kama aliyetoka upande wa chini akishinda fainali ya kwanza.

raundi_ya_pili
KeboNdefu, huo wa mara mbili niliuendesha mara moja na sirudii. Tatizo lake ni mkia. Upande wa chini hauwezi kwenda mpaka upande wa juu umalize, kwa hiyo saa mbili za mwisho kuna watu wawili wanacheza na wengine wote wanatazama. Mleta mada analalamikia hilo hilo, tofauti ni kwamba limesogezwa jioni.

Uswisi ulianza kwenye chesi, Zürich, mwaka 1895, kwa shida kama hii yetu: wachezaji wengi, muda mchache. Hatolewi mtu. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa bahati nasibu; kuanzia ya pili, aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyepoteza na aliyepoteza, na wawili hawakutani mara mbili. Kwa watu 24 raundi 5 zinatosha, maana asiyefungwa hata mara moja hawezi kubaki zaidi ya mmoja. Mechi 60, na kila mtu anacheza 5. Aliyekuja kwa mara ya kwanza, kufika raundi ya tatu anacheza na wa kiwango chake, anaanza kufurahia.

Udhaifu wake nao niuseme wazi: raundi nzima inasubiri mechi iliyochelewa kuliko zote. Ukiupeleka kwenye gemu isiyo na mwisho unaojulikana, umekwisha. Quake inakufaa kwa sababu seva unaiwekea timelimit 10, yaani kikomo cha muda, na ikifika dakika ya kumi mchezo unakatika, isipokuwa kama wamelingana pointi. Age of Empires usiiguse kwa Uswisi kabisa. Mchezo mmoja unaweza kwisha dakika 25, unaofuata ukala saa moja na nusu.

swichi24
Kabla hamjaenda mbali, hesabuni viti. Uswisi wa watu 24 ni mechi 12 kwa raundi, yaani kompyuta 24. Anazo 20. Ukipeleka mechi 10 kwa pamoja, mbili zinabaki, na watu 20 wanakaa kuwasubiri wanne. Gawa mechi sita kwa sita. Nusu wanacheza, nusu wanatazama na kuandika matokeo, kisha mnabadilishana.

Na jambo linalosahaulika kila mara: dakika 10 za mechi si dakika 10. Mtu anaitwa, anavua hedifoni, anatafuta kiti, anakuta kasi ya kipanya si yake, funguo za kuruka na kubadili silaha zimepangwa kwa mkono wa mwingine. Anaingia kwenye menyu, anasogeza kidogo, anajaribu, anasogeza tena. Mpinzani anasubiri, mwamuzi anasubiri. Dakika 7 zimekwenda na hajapigwa risasi hata mmoja.

Tulichofanya sisi: kila mshiriki alituma faili lake la mipangilio mapema (kwenye Quake III ni q3config.cfg), tukalipa jina lake, tukaliweka kwenye kompyuta zote. Ukikaa kiti chochote unafungua konsoli (sehemu ya kuandika amri ndani ya gemu), unaandika exec na jina la faili, kila kitu kinakuwa kama ulivyozoea nyumbani. Kazi ya sekunde chache. Kwa mtindo huo raundi yenye zamu mbili unaiwekea dakika 35 na inatosha. Raundi 5 ni dakika 175.

La mwisho: ratiba yako inaanza usiku wa kuamkia LAN. Gemu ziwe zimepakiwa na kusasishwa kabla mtu hajatoka kwake. Swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta zote) ya zamani ya megabiti 100 inapitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 30 ni dakika 40 kwa kompyuta moja. Swichi ya gigabiti inalimaliza kwa dakika 5 hivi. Kwa gemu za Steam (duka la gemu la mtandaoni), tangu 2023 kompyuta inaweza kuchukua faili kutoka kwa jirani aliye kwenye mtandao huo huo badala ya intaneti, kwa hiyo mmoja akiwa nazo wote mmepona.

Mwamuzi_Mezani
Mimi nimeendesha ubao wa wito mara mbili, naomba niusemee maana naona umeachwa.

Uzuri wake ni kwamba haujali muda. Mechi ikichelewa, foleni inasogea polepole lakini hakuna ratiba inayovunjika. Ubaya ni kwamba watu wana hedifoni masikioni. Unaita jina mara tatu, mtu yuko mita mbili mbele yako hasikii, unampita, baadaye anakuja amekasirika na ana haki. Nikaamua siiti tena. Namtuma mtu akamguse bega. Pia wenye sauti kubwa hurudia kucheza, na wapole hukaa na majina yao ubaoni mpaka wafutwe. Kwa hiyo sharti liwe moja: aliyetoka kucheza anaandika jina chini ya orodha, hata kama ndiye mwenye kompyuta.

Kwa Age of Empires sioni njia nyingine zaidi ya ubao. Punguza kikomo cha watu wa kila himaya ndani ya gemu kutoka 200 hadi 75 ili vita vianze mapema, na weka saa ambayo baada yake mchezo mpya hauanzishwi.

Halafu angalia migongano ya majina. Chora jedwali, majina upande mmoja, gemu tatu juu, weka alama. Gemu mbili zenye majina yale yale haziwezi kukaa saa moja. Nimeona fainali ikisimama dakika 50 kwa sababu mmoja wa wachezaji alikuwa anajenga ngome kwenye meza nyingine na wenzake saba hawakutaka kumwachia.

Mgeni_wa_Kiti
Naomba niulize kwa niaba ya sisi wapya. Timu za Counter-Strike mnazipangaje? Mara zote wakali hukaa pamoja, sisi tunakusanywa tuliobaki, tunafungwa raundi 13 kwa 2.

raundi_ya_pili
Swali zuri sana, ndugu, na jibu lake ndilo linaloamua gemu ipi itangulie. Uswisi wa Quake ukiisha, unao msimamo wa watu wote 24, wa kwanza hadi wa mwisho. Pangeni timu nne kwa kwenda na kurudi: timu A inachukua wa 1, 8, 9, 16, 17 na 24. B inachukua 2, 7, 10, 15, 18 na 23. C ni 3, 6, 11, 14, 19 na 22. D ni 4, 5, 12, 13, 20 na 21. Jumlisha namba za kila timu, zote zinatoa 75. Mtu wa Quake si lazima awe mkali wa Counter-Strike, lakini ni haki kuliko manahodha kuchagua marafiki zao.

Na mnakuwa sita kwa timu. Watano wanacheza, wa sita anashika saa na kuandika matokeo, mechi inayofuata anaingia. Timu nne, kompyuta 20, hakuna kiti kinacholala.

KeboNdefu
Hapo mmenishawishi, ila msininyime fainali ya Quake. Uswisi unaisha kimyakimya: unasoma jedwali, unaambiwa fulani bingwa.

Mpanga_Meza
Wakuu, nimekaa na kalamu tangu jana. Hivi ndivyo itakavyokuwa.

Saa tatu hadi saa nne asubuhi, kufunga mitambo na kujaribu faili za mipangilio. Saa nne hadi saa saba mchana, Quake kwa Uswisi, raundi 5 zenye zamu mbili. Kisha mapumziko, na hapo mimi na Mwamuzi_Mezani tunapanga timu kwa zile namba. Saa nane kasoro robo, fainali ya Quake, wa kwanza na wa pili kwenye skrini kubwa. KeboNdefu, hiyo nimeiweka kwa ajili yako.

Saa nane hadi saa kumi na moja, ligi ya Counter-Strike: timu nne ni mechi 6, mbilimbili kwa wakati mmoja, saa nzima kwa kila raundi. Raundi moja ya gemu ni dakika 1 na sekunde 55, bomu likitegwa zinaongezeka sekunde 40, na mechi inaweza kufika raundi 24, kwa hiyo sikuthubutu kuweka pungufu ya hapo. Saa kumi na moja, fainali ya timu mbili za juu. Inatumia kompyuta 10. Kwenye 10 zilizobaki meza ya kwanza ya Age of Empires inaanza, na haina mgongano kwa sababu majina yote yanatoka kwenye timu zisizo fainali.

Kuanzia saa kumi na mbili ni ubao. Meza mbili za wanane, kompyuta 4 za Quake huru, na wanne wanaosubiri ndio wa kwanza kwenye orodha inayofuata. Mchezo mpya hauanzishwi baada ya saa moja na nusu usiku.

Kilichobaki kunisumbua: mtu mmoja asipotokea, Uswisi wa watu 23 unakwendaje?

raundi_ya_pili
Kila raundi mmoja anapumzika na anapewa pointi ya ushindi. Awe wa chini kabisa kwenye msimamo ambaye hajawahi kupumzishwa. Asirudiwe mtu.

Mpanga_Meza
Nimekuelewa. Majina na faili za mipangilio vinafungwa Alhamisi usiku, ili Ijumaa niweke yote kwenye flashi.