HafenCity ya Hamburg imejengwa nje ya tuta la mafuriko: njia hiyo itafaa Jangwani?

Mchoraramani
Wakuu, Hamburg ni mji dada wa Dar tangu 2010. Wamegeuza bandari ya zamani kando ya mto Elbe, hekta 157, kuwa mtaa mpya wa HafenCity, na kupanua katikati ya jiji kwa asilimia 40. Eneo lote liko nje ya tuta kuu. Wamejikingaje na maji? Na kwetu Dar, Jangwani kwenye bonde la mto Msimbazi, tunaweza kufanya vilevile?

Kipimamaji
Waliinua ardhi. Barabara na majengo mapya yako mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, gati za zamani zimeachwa chini zizame maji yakija. Mafuriko ya 1962, yaliyoua watu 315 jijini humo, yalifika mita 5.70, ya Januari 1976 yakafika 6.45. Tuta lingetaka kukamilika lote kabla mtu wa kwanza hajahamia, ilhali ardhi huinuliwa kiwanja kwa kiwanja, na chini ya jengo panakuwa maegesho yenye milango ya kuzuia maji. Kosa kubwa ni kuinua nyumba ukasahau barabara: wakazi wako salama, ila zimamoto na gari la wagonjwa haviwafikii.

Ardhi_na_Hati
Msisahau upande wa viwanja. Karibu ardhi yote ilikuwa ya jiji, na anayeshinda zabuni hauziwi siku hiyo. Anatengewa kiwanja kwa mwaka mmoja hivi, aendeshe shindano la wasanifu, apime udongo, aombe kibali cha ujenzi. Malipo yanafuata baadaye. Akizembea, kiwanja kinarudi jijini, hivyo madalali wa kushikilia ardhi hawapati nafasi. Hili ndilo ningependa tuige kwanza.

Kipimamaji
Naam. Lakini kujaza kifusi Jangwani ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba tuwe makini. Hamburg maji yanasukumwa na dhoruba kutoka Bahari ya Kaskazini. Ukijaza hekta kadhaa, kimo cha maji hakibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Msimbazi inashuka kutoka vilima vya Pugu. Kila mita ya ujazo ya kifusi inayanyima maji mahali pa kutulia, nayo yanapanda kwa wakazi wa mtaa wa Kigogo. Unachojaza pembeni, chimba katikati. Tena hesabu tu uchimbaji ulio juu ya usawa wa maji ya kawaida, maana chini ya hapo shimo limeshajaa. Modeli ya mafuriko ipimwe mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, pale Daraja la Selander mtoni unapoishia, si maji yakiwa yamekupwa. Na mita 60 kutoka ukingo wa mto, za Sheria ya Mazingira ya 2004, zibaki wazi.

Mchoraramani
Udongo utakaochimbwa mtoni unafaa kujazia?

Kifusi_Safi
Mchanga ndiyo, ukishachekechwa taka. Tope jeusi hapana, hadi likaushwe na kupimwa metali nzito, kwa sababu mto unapokea maji ya viwandani. Mwaga tabaka za sentimita 20 hadi 30, shindilia kila moja hadi asilimia 95 ya ushindiliaji wa juu uliopimwa maabara kabla ya kuongeza nyingine. Chini kukiwa na mfinyanzi laini, rundika kifusi cha ziada juu yake na upime mtitio, yaani ardhi inavyodidimia, kila wiki. Usianze msingi hadi utulie. Na tengeni bajeti ya kuzoa mchanga kila baada ya masika, la sivyo kina mlichochimba kitafukiwa tena.