Kusimama Moshi wikendi ya Kilimanjaro Marathon na watoto na bibi: tupange vipi?

Mama Watatu
Habari wadau. Jumamosi asubuhi tunatoka Arusha kwenda Lushoto kwa gari letu, Noah. Tupo sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 11, 7 na 4, na mama mkwe, miaka 71, magoti yanamsumbua. Tutalala Moshi kwa sababu mkubwa anakimbia kilomita 5 Jumapili. Gari tuliache wapi? Tutoke mjini saa ngapi? Na Jumamosi mchana twende wapi? Nimefikiria Chemka, halafu Materuni.

Dereva wa Himo
Dada, Chemka na Materuni siku moja mtaishia kukaa kwenye gari tu. Materuni iko juu kule Uru, na kufika kwenye maporomoko ni kwa miguu, njia ya mteremko na matope. Mama hataiweza. Chukueni Chemka kabla hamjaingia Moshi: fika Bomang'ombe, kata kulia, halafu ni vumbi na mashimo hadi chini. Wanaiita chemchemi ya maji moto, ila maji ni ya vuguvugu tu. Shida ni kina. Huyo wa miaka 4 avae jaketi la kuelea tangu anashuka kwenye gari, maana mizizi ya ile mikuyu pembeni inateleza.

Tengeru mpite kabla ya saa mbili, Jumamosi ni siku ya soko. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 lakini wekeni masaa mawili ya safari. Vibao vya 50 vipo Usa River, Kikatiti, Bomang'ombe, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo hukaa pale barabara inapokunyookea ukajisahau.

Binti Rau
Uwanja upo Chuo cha Ushirika, Barabara ya Sokoine. Tafuteni nyumba ya wageni ambayo mtaenda uwanjani kwa miguu, gari lilale ndani ya geti. Jumapili alfajiri mtaa wote ule unajaa watu, ukija na gari utaliacha mbali na kumbeba huyo mdogo mgongoni. Wa kilomita 42 wanapita pia barabara kuu ya kuelekea Himo kabla ya kupanda Mweka, kwa hiyo msipange kutoka asubuhi. Subirini saa sita ipite.

Namba ya mtoto ichukueni mapema, msingoje siku ya mbio. Pini nne, moja kila kona. Wengi wanabana mbili za juu tu, karatasi inampiga tumboni njia nzima. Asubuhi ndizi mbivu moja na maji, maziwa aache. Msimu huu Moshi ni joto kweli, kofia msisahau.

Mzee wa Kiboriloni
Na mama mkwe mmemwekea nini? Mpelekeni stesheni ya zamani, ni tambarare, hakuna ngazi za kumtesa. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Arusha ilisubiri hadi 1929, watu wa Arusha msinune.

Nguvu zikibaki, pandeni Old Moshi kupitia Kiboriloni hadi Tsuduni, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa huko, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Mtoto wa miaka 11 anaelewa hayo. Wa miaka 4 mpeni ndizi akae kimya.

Jioni mama apewe mtori, huo hauhitaji meno. Ulizeni kama ni wa ndizi mshare na mifupa iliyochemshwa kwanza. Ukiona ndizi zinaelea vipande kwenye maji meupe, huo haujapondwa, rudisheni.

Mama Watatu
Asanteni sana. Shikamoo Mzee. Tukitoka saa saba, Lushoto tutafika jioni?

Dereva wa Himo
Mtafika gizani. Hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka hapo kuna 33 za kona na korongo upande mmoja. Na watoto wamelala, mama amechoka, usiku? Hapana. Laleni Same, kama kilomita 105 kutoka Moshi, Jumatatu mpande kukiwa kweupe. Maji ya rejeta yaangalieni injini ikiwa imepoa, mlima ule unachemsha Noah iliyojaa watu na mizigo. Siku ya kushuka, mwambie shemeji aweke gia ya 2 au L. Akishuka na D huku kakanyaga breki muda wote, zinapata moto na pedali inazama.

Mzee wa Kiboriloni
Marahaba mwanangu. Jumapili mkitoka kwenda uwanjani alfajiri, waambie watoto watazame kaskazini muda huo huo. Ikifika saa nne Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimeshajifunika mawingu.