Gumzo la Ukoo: Nyimbo za Kuchekesha Katika Harusi ya Jumamosi

Mjomba (Makorora): Assalaam alaykum, wanangu. Nyimbo za harusi nimekwisha kuzipanga na kuzitia kwenye flashi. Taarabu ipo ya kutosha, na Shakila wa Black Star hakukosekana, lakini msishangae mkikuta katikati nimechomeka nyimbo za kuchekesha, kwa kuwa tangu utotoni, nilipokuwa nikitumwa mafuta ya taa Ngamiani na kuchelewa kurudi kwa sababu ya redio ya muuza duka, sijapenda wimbo wa aina nyingine kuliko hizo.

Mama Mdogo (Chumbageni): Wa alaykum salaam, kaka. Kwa heshima yote, wakwe wanatoka Pangani na hawatuzoei bado. Watatuona watu wa mzaha. Isitoshe, wimbo wa kuchekesha husikilizwa mara moja, watu wakacheka, basi umekwisha.

Mjomba (Makorora): Hapo sikubaliani nawe, dada. Utani wenyewe huisha nguvu mara ya kwanza, ni kweli, lakini wimbo uliotengenezwa na fundi hubebwa na sauti na mdundo hata kama mwisho wake unaujua. Yupo George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia, ambaye katika miaka ya 1890 alipata umaarufu kwa wimbo ambao kiitikio chake ni kicheko kitupu, kicheko kinachopanda na kushuka pamoja na muziki. Zama hizo kulikuwa na silinda za nta za kurekodia sauti, na hapakuwa na njia ya kutoa nakala nyingi kutokana na moja, kwa hiyo alisimamishwa mbele ya mashine chache, akaimba na kucheka, kisha mashine zikawekewa silinda mpya naye akaanza upya. Hebu fikirini mtu anayelipwa ili acheke, na asitoke nje ya mdundo! Mwaka 1922 Mwingereza Charles Penrose alirekodi muziki uleule kwa maneno mapya ya polisi anayecheka, na huyo ndiye Waingereza wanayemkumbuka.

Binti wa Chuo: Shikamoo, Mjomba. Kinachonikera kuhusu Johnson ni kwamba nyimbo zake ziliwakejeli watu weusi wenzake, kwa sababu ndizo zilizotakiwa na wanunuzi weupe. Je, Mr. Ebbo naye hakufanya hivyohivyo alipoimba kwa lafudhi ya Kimasai ili tumcheke?

Mjomba (Makorora): Marahaba, mwanangu. Kuhusu Johnson umesema kweli, maana soko la wakati wake halikumwachia nafasi kubwa. Mr. Ebbo, ambaye aliishi hapahapa Tanga na kuweka hapa studio yake ya Motika Records, aliigeuza meza. Katika "Mi Mmasai" unaanza kwa kucheka lafudhi, na kabla hujamaliza kucheka anakuambia kwamba makabila mengine yameacha mila zao na yeye ndiye aliyebaki na zake. Anayechekwa hapo ni wewe wa mjini. Tangu afariki Desemba 2011, sijamsikia mwingine mwenye ujanja ule, ingawa huenda ni masikio yangu ya kizee.

Kaka wa Mabawa: Shikamooni nyote. Kwenye flashi, Remmy Ongala na "Mambo kwa Soksi" wamo?

Mama Mdogo (Chumbageni): Marahaba. Huo hautapigwa mbele ya wakwe hata mkiniletea shekhe wa kuniombea.

Mjomba (Makorora): Huo nimeuacha nyumbani, dada, tulia. Lakini nitautetea hapa: Remmy alikuwa anahimiza kondomu wakati ukimwi ulizungumzwa kwa kunong'ona, na redio ya taifa ilikataa kuupiga. Angeihubiri habari hiyo kwa uso wa huzuni, vijana wangeondoka. Alipoiita soksi, walicheka, wakabaki kusikiliza.

Binti wa Chuo: Basi Mr. Ebbo abaki. Mama Mdogo, tafadhali, mmoja tu.

Mama Mdogo (Chumbageni): Mmoja, baada ya pilau, wazee wakishaondoka, na sauti ipunguzwe.

Mjomba (Makorora): Mzee wa kwanza katika ukumbi ule ni mimi, nami siondoki. Baada ya pilau nimekubali. Sauti haitapunguzwa, kwa sababu wakwe wasipoyasikia maneno watabaki na lafudhi peke yake, na hapo ndipo watakapotuona watu wa mzaha.