Wakuu, jumamosi zangu zimeliwa na fensing hapa Dodoma na mama watoto yupo Dar, nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma na wizara, familia ikabaki Dar kwa sababu wife ni mwalimu huko Tabata na uhamisho wake kila tukiuliza tunaambiwa subirini, watoto nao wameshazoea shule. Wengi humu haya maisha mnayajua, ijumaa mchana ofisini hakuna anayefanya kazi, kila mtu anaangalia saa ya treni.

Mwanzoni Dodoma ilinishinda kabisa. Nimepanga Ilazo, ni kazini nyumbani kazini nyumbani, jioni nakula kuku Chako ni Chako peke yangu kama mjane, narudi naangalia mpira nalala. Kanisani nilikuwa nakaa viti vya nyuma, sina hata mtu wa kumuuliza fundi bomba yuko wapi.

Sasa zamani nilivyokuwa nasoma Ujerumani nilijiunga na klabu ya chuo nikajifunza fensing, ule mchezo wa vitara, mnavaa nyeupe na kofia ya wavu usoni mnagusana na vyuma vyenye ncha butu. Begi la vifaa lilikuwa kabatini miaka. Jioni moja nimelitoa nikaenda kiwanja cha basket cha shule ya jirani, nikawa napiga hatua zangu mwenyewe, mbele nyuma, mbele nyuma, narefusha mguu nachoma hewa, madogo wakajaa ukutani wananicheka mpaka wanaangukiana. Baadae wale wale wanaocheka ndio wakaanza kuniuliza na sisi lini.

Saa hivi ni kikundi kabisa. Kuna dogo anauza karanga stendi, kuna mabinti wa sekondari, mwanafunzi mmoja wa UDOM, na mzee mmoja askari magereza mstaafu ambaye hajawahi kushika kitara ila ndiye anatunza muda na anagombeza wachelewaji kuliko mimi. Tunachora mstari kwa chaki mita 14, upepo wa hapa ukiamka vumbi linaufuta tunachora tena. Vifaa vingi ni used, wenzangu wa klabu ya zamani walinitumia. Wale wadogo wanatumia vya plastiki.

Wazee wa mtaa walinifuata, wamesikia kuna mgeni anafundisha watoto panga, wakaanza na habari za panya road, yale magenge ya vijana wanaopora watu. Sikubishana nao, nikawaletea viti. Tunacheza epee, ile ambayo mwili mzima ni halali kuanzia kisigino mpaka kofia, na mashine ya taa inayoonyesha nani kagusa hatuna, kwa hiyo aliyeguswa ndiye anayesema kaguswa. Siku hiyo dogo wa karanga yuko 4 kwa 4 na mwenzake, anayefika 5 ndio kashinda, wakaingiana haraka haraka, mimi sijaona kitu, wazee hawajaona kitu. Dogo akavua kofia jasho linamtiririka akasema "kanigusa mkononi, yeye kashinda". Kampa mkono, kaenda kunywa maji. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu si ndiye yule aliyekuwa anasumbua wenye maduka hapa Majengo? Ndiye. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa mtaa ananiita mwalimu, na mimi nina watu wa kusalimiana nao kuanzia nyumbani mpaka sokoni.

Tatizo ndio hili. Mazoezi ni jumamosi asubuhi, siku za kazi natoka ofisini Mtumba nimechelewa. Zamani nilikuwa nasingizia basi, ila tangu treni ya SGR ianze 2024 unatoka Dodoma unafika Dar masaa matatu na nusu hivi, sina pa kujificha. Safari zimepungua, wife juzi kaniuliza kwa utulivu kabisa, "hivi huko unafundisha upanga au umeoa?" Sijaoa wakuu. Ila kuacha wale watoto siwezi, na ukweli bila wao sijui ningekuwa mtu wa aina gani hapa mjini. Naomba mawazo, matusi wekeni pembeni.

Kiroboto wa Sabasaba: Mkuu asubuhi mnachomana vitara, sawa, na mchana? Hujasema mchana 😂 Wife yuko sahihi kuuliza.

Mama Pacha: Kaka yangu mimi mume wangu naye yuko Dodoma kwa hiyo nakujibu kama shemeji yako. Mwanamke akisikia kwenye simu "nipo na vijana wangu" na nyuma kuna kelele za mabinti, unategemea awaze nini? Picha usimtumie, picha hazisaidii. Likizo ikifika mpandishe treni yeye na watoto, akae kwenye kile kiti cha wazee, aone mwenyewe. Na wanao je? Unafundisha watoto wa Majengo nzima wa kwako hawajui hata kitara kinashikwaje. Hapo ndipo panapomuuma, sio hiyo jumamosi.

Ngumi Singida: Mwalimu nakuelewa, mimi nafundisha ndondi huku Singida. Mke wako kakuonyesha kitu kingine hujakiona, ukiumwa malaria jumamosi hakuna mazoezi. Ukihamishwa ndio imekufa. Chagua wawili, huyo wa UDOM na binti mmoja mwenye akili, wape kazi ya kuongoza hatua na kunyoosha viungo, ila chuma kisishikwe bila mtu mzima anayejua. Nairobi kuna Mburu Wanyoike na Tsavora Fencing Mtaani, anafundisha watoto wa Huruma na Mathare, kamtafute hata mtandaoni umuulize anavyoendesha, hiyo ni hapo jirani tu na Kiswahili mnasikilizana. Halafu nenda kwa afisa michezo wa jiji mjiandikishe, siku mtoto akivunjika mkono hautaki kuwa "yule mgeni wa mapanga".

Mzee wa Kikuyu: Hii michezo ya wazungu ya nini? Wafundishe kuchomelea vyuma, angalau wauze madirisha.

Ngumi Singida: Mzee wangu shikamoo. Mmisri Alaaeldin Abouelkassem alichukua fedha London 2012, Ines Boubakri wa Tunisia shaba Rio 2016, Mohamed Elsayed wa Misri shaba Paris 2024. Paris hiyo hiyo Kenya ilikuwa na Alexandra Ndolo. Waafrika wote hao. Na kuchomelea wanaweza kujifunza jumatatu.

Mzee wa Kikuyu: Marahaba. Haya, jumatatu basi.

Nesi wa Zamu: Mmeongelea mke, mimi naongelea hivyo vifaa used. Mleta mada zile kofia zina umri gani? Mwaka 1982 kwenye mashindano ya dunia Roma, Vladimir Smirnov, bingwa wa olimpiki wa 1980, kitara cha mpinzani kilikatika, kipande kikapenya wavu wa kofia, akafariki siku chache baadaye. Ndio maana vifaa vya sasa vimeimarishwa. Kofia ikiwa na kutu au wavu ukibonyea ukitia kidole, tupa, hata kama mtu atakaa nje. Kitara kikikatika usikichonge ncha ukarudisha uwanjani, najua mafundi wetu. Na ndani ya koti, upande wa mkono wa silaha, kuna kile kikinga kwapa, wengi wanakiruka.

Mleta mada: Nesi asante, vikinga kwapa tulikuwa navyo vichache tunapokezana, kuanzia sasa asiye nacho anafanya hatua tu. Kofia mbili nimeziweka pembeni leo hii hii, madogo wamenuna. Ngumi Singida, yule wa UDOM kakubali kabla sijamaliza sentensi, mpaka nikaona aibu kwamba sikumuuliza mapema. Tumepanga mazoezi ya chuma yahamie jumatano jioni, nitaomba kutoka Mtumba mapema siku hiyo nifidie siku nyingine, jumamosi wawe wanafanya hatua tu na mzee wa magereza na UDOM, mimi nipande treni ijumaa. Sio kila ijumaa, tusidanganyane, ila nyingi.

Mama Pacha, nimempigia nikamwambia likizo waje wote. Kanyamaza kidogo akauliza hizo nguo nyeupe zinafuliwa na nani. Nikamwambia mimi. Akacheka sana, akasema sasa ndio naamini hujaoa.

Kiroboto wa Sabasaba: 😂😂 Nimeshindwa. Mwalimu nina mdogo wangu yuko Chang'ombe, ni mashoto, mbishi balaa, mnapokea?

Mleta mada: Mashoto? Mlete haraka, hao wanasumbua kweli, ncha inatokea upande ambao hujazoea kuuziba. Jumatano saa kumi na moja, awe na raba na suruali ndefu. Na wewe njoo, mzee ameshaniambia anatafuta wa kusaidiana naye kuchora mstari.