Naomba ushauri: kioo cha kale chenye fremu ya dhahabu, nikitengeneze au nikiache kilivyo?

Habari zenu wakuu. Ninakusanya vioo vya kale vyenye fremu za dhahabu, vya aina ile waliyokuwa wakiipenda matajiri wa Unguja karne ya 19 kupambia kumbi zao. Nimepata kimoja kirefu, kina taji la maua juu, kwa familia ya Mji Mkongwe inayohama.

Fremu ni mbao iliyopakwa jasi, juu yake udongo mwekundu, kisha dhahabu nyembamba. Kwenye kona dhahabu imelika na wekundu unachungulia. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake. Ila ua moja limevunjika, na jasi inabanduka kwa unyevu wa pwani. Fundi mmoja anataka kuipiga yote rangi ya dhahabu ya kopo. Moyo wangu umekataa kabisa, kwani rangi ile ni unga wa shaba tu, baadaye hugeuka kahawia.

Kinachonitia hofu zaidi ni kioo chenyewe. Kina madoa ya kijivu yanayometameta kama mchanga, nahisi mgongo wake umepakwa bati na zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, kabla ya kuenea njia ya kupaka fedha aliyoibuni mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Na nyumbani nina watoto wadogo.

Kuna aliyewahi kutunza kioo cha namna hii? Wakati wa kukibeba nijikinge vipi na zebaki? Na Unguja, Mombasa au Dar, nani anajua kubandika dhahabu halisi? Anayehitaji picha aseme, nitamtumia.