Tupeane uzoefu: "endi zoni" ilikuingiaje kichwani?

Baba wa Namba 24
Wakuu, salaam. Niko Minnesota, kijana wangu anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni. Msimu wa kwanza nilipiga makofi kwa kufuata wenzangu tu. Nilidhani endi zoni ni jina la mstari wa goli. Kumbe ni eneo zima nyuma ya mstari huo, yadi 10 kila upande, nje ya zile yadi 100 za kuchezea. Ukijumlisha, uwanja una yadi 120, karibu mita 110. Nilielewa siku kijana alipodaka pasi akiwa tayari amesimama mle ndani. Hakukimbia hata hatua moja. Mwamuzi akainua mikono yote miwili: pointi 6! Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Wenzangu, ninyi mlielewaje?

Mwanaraga
Mimi nilikulia kwenye raga, Nairobi. Kwetu ukivuka mstari bado huna kitu, lazima mpira uuguse chini. Nilipohamia Ohio nikaona mchezaji ananyoosha mkono, mpira unavuka kidogo tu, anasukumwa nyuma, na bado wanahesabu tachidauni, zile pointi 6. Niliona ni dhuluma kabisa. Jirani yangu, mzee mvumilivu sana, akaniambia: chukulia kuna ukuta usioonekana umesimama kuanzia ukingo wa mbele wa ule mstari mweupe. Mpira ukiwa mkononi mwako na ncha yake ikaugusa ukuta, imetosha. Jina tachidauni, yaani kugusa chini, limebaki tangu enzi ambazo mpira ulikuwa lazima uwekwe chini kweli, mchezo ukiwa bado jirani wa raga.

Mama Kotabeki
Baba, hongera kwa kijana. Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwanangu alikabwa akiwa na mpira ndani ya endi zoni ya timu yake mwenyewe. Wapinzani wakapewa pointi 2, kisha timu yetu ikatakiwa iwapigie mpira wapinzani haohao. Sikuelewa kwa nini waadhibiwe mara mbili. Usiku alinichorea uwanja kwenye karatasi, akaniambia, "Mama, eneo hili kila timu ina la kushambulia na la kulinda. Ukikamatwa kwenye la kwako, umeumia." Karatasi ile ninayo hadi leo.

Mgeni wa Texas
Na zile nguzo za goli je? Mbona ziko nyuma kabisa, mbali na mstari?

Mwanaraga
Ndugu, kwenye NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, zilikuwa juu ya mstari wenyewe hadi 1974 ndipo zikarudishwa mwisho wa endi zoni. Ndiyo maana wakipiga mpira wa goli, mchezo ukianzia yadi ya 20, umbali unahesabiwa 37: ongeza 10 za endi zoni na kama 7 za kurudi nyuma alipo mpigaji.

Mgeni wa Texas
Ahsante kaka. Ijumaa nina mechi ya mpwa wangu, nitakaa upande wa endi zoni nihesabu mwenyewe.