Acheni kumwita Cyclone Taylor mlafi wa hela, walafi walikuwa wenye klabu

Wakuu heshima kwenu, leo nimekuja na hasira zangu na naomba nisitulizwe. Nimechoka na hizi porojo za "zamani watu walicheza kwa mapenzi ya jezi". Huku Canada ninakoishi ukikaa na wazee wa hoki ya barafu huo ndo wimbo wao kutwa, vijana wa leo wameharibiwa na mkwanja, wa zamani walikuwa malaika, halafu ukimtaja Cyclone Taylor, yule nyota wa hoki wa miaka ya 1900 mwanzoni, wanakunja sura, eti yule ndo aliyeleta tamaa kwenye mchezo. Na kinachoniudhi zaidi ni sisi tuliohamia juzi tu, hata kusimama kwenye barafu hatujui, tumeudaka wimbo na sisi tunaitikia.

Sasa ngoja niwape. Fred Taylor, ndo huyo Cyclone, alikuwa dogo wa Listowel, kamji kadogo tu huko Ontario, mchana yuko kiwandani wanakotengeneza piano, akitoka hapo yuko kwenye barafu na mbio zake hazishikiki. Katibu wa chama cha hoki cha Ontario, William Hewitt, akamtaka ahamie Toronto akachezee timu ya Marlboros. Dogo akagoma. Basi Hewitt akamfungia msimu wa 1904-05, asicheze popote chini ya chama hicho, akajaribu kukimbilia Thessalon huko kaskazini nako akabaniwa. Na kumbukeni hicho ni chama cha ridhaa, hawamlipi hata senti tano, yaani mtu asiyekulipa ndo anakupangia ukaishi wapi na ukiuliza kwa nini anakukomoa, hiyo ridhaa ni ya nani jamani??

Mwaka 1906 akaenda zake Manitoba, hakukaa hata kidogo wakamfuata watu wa timu ya Portage Lakes kutoka Houghton, Michigan, huko Marekani, kwenye ile ligi ya kwanza kulipa wachezaji waziwazi bila kuwapitishia bahasha mlango wa nyuma. Dola 400 na gharama zake juu, kumalizia msimu. Wewe unayemwita mlafi ungesema hapana? Acha uongo.

Ligi ile ikafa 1907, Ottawa wakamchukua kwa dola 500 pamoja na kazi ya serikali idara ya uhamiaji. Hapo ndo jina la Cyclone likakaa, inasemekana ni Gavana Jenerali Earl Grey alimwona uwanjani mwaka 1908 akasema huyu ni kimbunga. 1909 Ottawa wakabeba Kombe la Stanley, lile kombe kubwa kuliko yote la hoki, na yeye akiwemo. Mpaka hapo ni kipenzi cha kila mtu.

Halafu Renfrew wakaja. Hawa ni mji mdogo ila nyuma yao kuna familia ya O'Brien, pesa za reli na migodi, walikataliwa kuingia ligi ya wakubwa wakaamua kuanzisha ya kwao, NHA (National Hockey Association), Desemba 1909. Wakamwekea Taylor mezani dola 5,250 kwa msimu wa mechi kama 12 hivi. Akasaini. Basi Februari 1910 aliporudi Ottawa na jezi ya Renfrew, wale wale waliokuwa wanamshangilia mwaka jana wakamrushia ndimu, chupa tupu za wiski na mavi ya farasi. Mavi ya farasi wakuu! Mtu aliyewapa kombe miezi kumi na moja tu nyuma. Kweli na yeye alikuwa na mdomo, alitamba kwamba atawafunga huku anateleza kinyumenyume, sasa hayo ni majigambo ya kawaida ya mchezaji, siyo sababu ya kumtupia kinyesi.

Twende kwenye kinachonichemsha damu kabisa. Msimu uliofuata hao hao wenye klabu wakakaa kikao wakasema mishahara imezidi, kuanzia sasa timu NZIMA isizidi dola 5,000. Rudia kusoma. Timu nzima inalipwa chini ya alichopata mtu mmoja mwaka jana, na hiyo hela ya mwaka jana walitoa wao wenyewe, hakuna aliyewashikia bunduki. Kiingilio kilipungua? Thubutu. Wachezaji wakagoma, Art Ross mbele, wakataka waanzishe ligi yao, wakakuta viwanja vya maana vyote vimeshafungwa mikataba na wenye ligi. Ungecheza wapi, mtoni? Wakarudi kichwa chini wakasaini.

Hamjachoka? Renfrew wakafunga duka 1911, wachezaji wakagawanywa kwa timu zilizobaki kama vyombo vya marehemu, Taylor akaangukia Wanderers wa Montreal. Yeye kazi yake na maisha yake yako Ottawa, hataki. Akaingia uwanjani mechi moja na jezi ya Ottawa, tena dhidi ya hao hao Wanderers, ikawa kesi, akafungiwa tena. Msimu wa 1911-12 ukaishia hapo kwake, huyo ndo mchezaji aliyekuwa anajaza viwanja kuliko wote.

Simfanyi mtakatifu, tuelewane. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilipozuiliwa bandarini Vancouver na abiria 376, wengi Wasikh wa Punjab, yeye alikuwa upande wa serikali kama ofisa uhamiaji, na mimi niliyepita kwenye madirisha ya uhamiaji ya nchi hii siwezi kulimeza hilo kirahisi. Mseme kwa hilo kama mnataka kumsema, nitawaunga mkono. Ila la hela hapana.

Mwishowe ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, aliokuwa nao Renfrew, wakajenga viwanja vyao wenyewe huko pwani ya magharibi na ligi yao, akaenda Vancouver 1912. Machi 1915 Ottawa wakasafiri mpaka kule kugombea Kombe la Stanley wakapigwa na Vancouver ya Taylor 6-2, 8-3 na 12-3.

Anayebisha aje na hesabu, siyo na matusi. Na mods msiuunganishe huu uzi na ule wa usajili wa mpira wa miguu, mtauua.